Nyumba Moja, Mtoto Mmoja

Mwanangu Doto,

Barua za watu huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua, maana asubuhi tumekunywa uji pamoja, ukalalamika kwamba nimeutia chumvi kana kwamba nakausha samaki, halafu ukachukua kanga yangu mpya bila kuomba ukaenda kumuaga bibi yako. Kwa hiyo salamu tuziruke. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio sijui, na ndiyo sababu nimekaa hapa nje na daftari la darasa letu la elimu ya watu wazima, nimechana kurasa za katikati, mimi ninayewaambia kina mama kila Jumatano kwamba daftari la kijiji halichanwi.

Ya chandarua, ya kufua, ya kutokopesha sabuni, yote pacha wako Kulwa ameshakwambia, naye amekaa chuo hichohicho cha uuguzi miaka mitatu, anayajua kuliko mimi. Matobolwa yako, vile viazi vikavu, yamo kikapuni chini ya viatu. Bibi yako ametaka yakae juu, mimi nikayaweka chini, wewe fanya utakavyo. Kesho alfajiri lori la ushirika litapita na marobota ya tumbaku, litakuchukua mpaka stesheni ya Tabora, na huko utapanda treni. Hayo ndiyo maagizo yangu yote. Mengine nitakayoandika si maagizo.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kinyamwezi sijawahi kukiandika. Nikikosa neno la kutosha, jua kwamba moyoni lipo kwa lugha ya nyumbani.

Nilitaka nianze na habari za utoto wenu, nikupooze kwanza. Nimeandika nusu ukurasa nikaufuta, kwa sababu ningezunguka hivyo mpaka giza liingie. Acha niseme lenyewe.

Miaka mitatu iliyopita nilikwambia kwamba hukupita mtihani wa chuo. Nilikudanganya. Ulipita. Mlipita wote wawili.

Sasa limeandikwa. Kama unataka kuiweka barua chini hapa, iweke, utembee kidogo, urudi. Mimi mwenyewe nimesimama nikaenda kuchungulia sufuria ambayo haina kitu.

Siku ile mlikuwa shamba la kijiji, zamu ya nyumba zetu. Mimi nilikuwa ndani ya bani la kukaushia tumbaku nashusha majani yaliyokauka, vumbi limenijaa puani. Mchungaji akaja kwa baiskeli yake, yule mchungaji wetu wa zamani, kabla hajastaafu. Alikuwa anacheka tangu kwenye shamba la mihogo. Akaniambia, "Mama Kulwa, toka huko ndani, habari hii haipokelewi na mtu mwenye tumbaku kichwani." Nikatoka. Akanisomea barua ya chuo akiwa amesimama, jasho linamtiririka. Majina yenu yalikuwemo yote mawili. Nilipiga kigelegele, mwanangu. Hilo nataka ulijue, kwamba kitu cha kwanza nilichofanya kilikuwa kigelegele.

Kisha akaendelea kusoma, sauti ikapungua. Unayajua masharti ya chuo, maana mwaka huu umeyatimiza mwenyewe moja moja: cheti cha ubatizo, barua ya mchungaji kwamba hujatengwa na meza ya Bwana, karatasi ya mwenyekiti wa kijiji kwamba umelima shamba la pamoja, cheti cha mganga. Lakini kulikuwa na sharti moja ambalo hamkuwahi kusomewa. Walisema vitanda vya wasichana ni vichache, makanisa ni mengi, nao hawataki familia moja ijaze chuo huku nyingine haina hata mtu mmoja wa kuchoma sindano. Kwa hiyo nyumba moja itatoa mtoto mmoja. Akimaliza huyo, mwingine anaweza kuomba. Mzazi na mchungaji waandike jina la atakayetangulia.

Siwalaumu. Hata leo naliona sharti lile kuwa la haki. Sisi wenyewe kijijini tulikuwa tunagawana jembe na mbolea kwa nyumba, kwa nini kanisa lisigawe vitanda vivyo hivyo? Ila waliotunga sharti hawakuwa na mapacha.

Mchungaji akakaa kwenye gogo. Akafikiri, akavua kofia, akasema polepole, "Mama Kulwa, bibi yao ana nyumba yake, na balozi wake wa nyumba kumi si balozi wako, au nimekosea?"

"Hujakosea, Baba Mchungaji."

"Na Doto ndiye anayelala kule tangu macho ya bibi yalipoharibika."

"Ndiye."

"Anapika kule, analala kule. Kwenye kitabu cha kijiji, nyumba ya bibi ina watu wangapi?"

Nilielewa alikokuwa anakwenda. Nikajivuta, nikajipangusa vumbi kama mtu anayeingia kanisani, nikamwambia, "Baba Mchungaji, mimi ni mzee wa kanisa. Unataka nidanganye kwenye karatasi ya kanisa?"

"Sijasema udanganye. Nimekuuliza mtoto analala wapi."

"Hawa wote ni watoto wa nyumba yangu."

Alinitazama. Akauliza tena, mara ya pili, kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Mwanangu, ungekuwepo ungeniona jinsi nilivyosimama wima. Nilijiona mwaminifu kuliko mchungaji mwenyewe.

Na haikuwa uongo! Hilo ndilo linalonirudia kila siku ninapopuliza moto. Ulikuwa unalala kwa bibi miezi minane. Kitabu cha kijiji kilikuhesabu kule, mwenyekiti mwenyewe alikuandika kule ili bibi asionekane anaishi peke yake. Ningesema ndiyo, mngeondoka wote wawili kwenye lori moja, na mbele ya Mungu na chuo nisingekuwa na kosa. Nilikataa neno la kweli nikaliita uongo, kwa sababu lile la kweli lingekuchukua.

Nikaandika Kulwa. Nikamwambia mchungaji, na nimewaambia wengine tangu hapo, kwamba ndivyo desturi: Kulwa ndiye aliyetangulia kutoka tumboni, atangulie na huko. Watu wakaitikia kwa kichwa. Desturi ni kitu kizuri cha kujifichia, kila mtu anaiheshimu na hakuna anayechungulia nyuma yake.

Ukweli ni kwamba sikumchagua Kulwa. Nilichagua kubaki na wewe. Niliona Kulwa akiondoka nyumba yangu itapungukiwa na mtu, nitalia wiki moja, nitazoea. Wewe ukiondoka sikuona kitakachobaki. Tangu baba yenu afariki ni wewe uliyekuwa unakesha nami kwenye bani kulinda moto, unaimba nyimbo zako za ovyo, unawaigiza wazee wa kanisa mmoja mmoja mpaka nikacheka, mimi niliyedhani sitacheka tena. Kulwa alinisaidia kazi. Wewe ulinisaidia kuishi. Sasa nikupe karatasi uende nayo mbali? Sikuweza. Nakupenda, na nilikupenda vibaya.

Kama ningekwambia hivyo, ungekasirika mwezi mmoja na yangekwisha. Ungeweza hata kusema mwenyewe, mwache Kulwa atangulie. Ndivyo ulivyo, hujawahi kula kipande kikubwa. Lakini niliogopa utaniuliza kwa nini, kwa hiyo nikaona heri uulaumu mtihani kuliko kunilaumu mimi.

Mkarudi jioni na majembe. Nikamwambia Kulwa amepita. Mlirukaruka. Kisha ukaniuliza, "Na mimi, Mama?" Nikasema, "Safari hii haikuwa, mwanangu." Uliniangalia kidogo tu. Ukamgeukia mwenzako ukamnyanyua juu ukamzungusha mpaka kitambaa chake kikaanguka, ukasema, "Haya, kichwa cha nyumba kimeonekana, sasa mimi nibaki kuwa miguu." Tukacheka. Ukaenda nyuma ya bani, ukakaa huko muda mrefu, ukarudi macho mekundu, ukasema ni moshi. Moto wa bani nilikuwa nimeuzima tangu mchana.

Wewe unajua mapacha wanavyolelewa kwetu. Kanga mbili, sahani mbili, hata kofi. Nilipomchapa mmoja wenu bibi yenu alisimama mlangoni mpaka mwingine naye apate lake, asije mmoja akaugua kwa kuonewa. Mkakua mnaniogopa wote kwa dhambi ya mmoja. Nilishika desturi hiyo miaka kumi na minane bila kukosea, nikaivunja siku moja, tena nikiitumia desturi hiyo hiyo kujitetea. Bibi yako hakuridhika. Aliniuliza, "Huyu mwingine umempa nini?" Nikamjibu, "Si mimi, mama, ni mtihani." Akasema, "Mtihani haukuzaa," akaendelea kumenya karanga zake. Macho yake hayaoni, lakini mimi aliniona.

Lililonitesa si kwamba ulibaki. Kubaki si kufa, wengi wamebaki na wameishi vizuri. Lililonitesa ni ulivyoamini. Nilidhani utasononeka wiki mbili tatu kisha usahau. Badala yake ulianza kusema kichwa chako ni cha tumbaku. Ulilisema kwa mzaha, watu wakacheka, ukalisema tena, mwisho likawa si mzaha. Ukaacha kusoma masomo kanisani, ukasema sauti imeharibika. Nilipokuomba unisaidie darasa la kina mama, wewe ambaye ulikuwa unawafundisha kushika kalamu vizuri kuliko mimi, ulinijibu, "Mtu aliyeanguka amfundishe nani?" Nilikuwa nimeshika chaki. Ningeweza kusema palepale. Niliandika *a, e, i, o, u* ubaoni, nikageuka nikawaambia kina mama wasome.

Siku hizo zilikuwa nyingi, Doto. Usifikiri nilidanganya mara moja. Nilidanganya kila uliposema neno lile na mimi nikanyamaza.

Na nilikuwa najua. Hapo ndipo nisipokuwa na pa kusimama, maana jambo hili lilishanifika mwenyewe. Baba yenu alipolazwa mara ya mwisho, mlikuwa wadogo, mganga mmoja msaidizi alinikuta nimekaa chini karibu na kitanda. Alikuwa mtu mpole. Akaniambia, "Nenda nyumbani, mama, kaangalie tumbaku yako isije ikaoza, huyu ni wa kupona." Nilimshukuru mpaka nikampigia magoti. Nikarudi, nikachambua majani siku mbili nikiwa na furaha, nikawaimbia. Siku ya tatu nilipofika nilikuta kitanda kimetandikwa shuka safi. Mgonjwa wa jirani ndiye aliyenieleza kwamba mume wangu aliniita usiku kucha. Yule mganga alijua. Alinihurumia, akaninyang'anya siku mbili ambazo hakuna wa kunirudishia. Nilimchukia miaka mingi, nikashindwa kupokea meza ya Bwana nikimkuta kanisani. Halafu nikaja kufanya lilelile, kwa mtoto wangu, kwa upole uleule. Wewe unakwenda kujifunza kazi ya kukaa na wagonjwa na ndugu zao. Sina la kukufundisha hapo, nakusimulia tu lililotupata.

Sasa nikwambie kwa nini nasema leo, kwa sababu ningependa uniamini kwamba ni moyo tu umenisukuma, na si moyo tu.

Kulwa alipomaliza na kupelekwa zahanati ya Ulyankulu, nafasi ya nyumba yetu ikafunguka. Alikuletea fomu mwenyewe. Ukaikataa, mkagombana, akakuambia atailalia hapa mpaka uijaze, na kweli alilala juu yake siku mbili kama kuku anayeatamia. Ukakubali ili akuache. Jioni ile ulikuwa unajaza, mimi napeta mchele. Ukasoma kwa sauti, "Je, umewahi kuomba nafasi katika chuo hiki? Kama ndiyo, matokeo yalikuwa nini?" Ukaniuliza uandike nini. Nikasema, "Andika kama ilivyokuwa." Ukaandika: Ndiyo. Nilishindwa. Ukaandika kwa mwandiko wako mzuri, ukapuliza wino ukauke. Nikaendelea kupeta. Mchele ule ulikuwa safi zamani.

Ukafanya mtihani, ukapita, barua ikaja, nikadhani Mungu ameamua kulifunika. Nikajiambia, basi, amepata chake, kidonda kitapona chenyewe. Watu husema njia ya mwongo ni fupi, mimi yangu ilikuwa na urefu wa miaka mitatu nikadhani haina mwisho.

Kisha wiki iliyopita Kulwa alikuja kukuaga. Mkiwa mnakunja nguo akaanza kukusimulia siku ya kuandikishwa. Unakumbuka? Alisema mnakaa kwenye benchi, karani anafungua majalada ya zamani, anayaweka kando ya fomu zenu, anasoma mstari kwa mstari. Akasimulia msichana wa mwaka wake aliyerudishwa siku ileile, na sanduku lake, kwa sababu mwaka wa ubatizo kwenye fomu haukulingana na cheti. Mwenye kuandika habari isiyo ya kweli hapokelewi, hilo ni sharti, halina rufaa. Mlicheka jinsi Kulwa alivyomwigiza karani. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yenu na sufuria ya moto mkononi, sikuhisi inaniunguza mpaka bibi aliposema anasikia harufu.

Jina lako liko kwenye jalada lile. Karani atasoma "nilishindwa" kwenye fomu yako, na atasoma "amepita" kwenye kitabu chake. Ungesimama pale mbele ya wenzako unaitwa mwongo kwa uongo wangu, na usingekuwa na la kujibu kwa sababu usingejua.

Nilikaa siku tano bila usingizi. Mficha uchi hazai, nikasema, na mimi nimezaa, basi nisifiche. Juzi ile nilipokuaga nakwenda mjini kununua chumvi na kibiriti, sikwenda mjini. Chumvi tunayo, umeiona kwenye uji. Nilikwenda Ntalikwa, kwa mchungaji wetu wa zamani. Nilimkuta analima karanga, amekonda, amefurahi kuniona. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za mapacha. Nikashindwa kukaa kwenye kigoda alichonipa. Nikamweleza nikiwa nimesimama.

Akaweka jembe chini. Kisha akasema, "Mama Kulwa, nilikuuliza mara mbili siku ile."

"Uliniuliza, Baba Mchungaji."

"Na mimi nina langu. Nilidhani umemwambia mtoto kwamba zamu yake bado. Nilipomwona ameacha kusoma masomo nilitaka kumuuliza, nikaona nisiingilie nyumba ya mjane. Nilijali heshima yako, nikamsahau yeye."

Nikamwomba aandike barua kwa mkuu wa chuo, aeleze yote. Akakataa. Akasema, "Mimi nitaandika nilichokiona kwa macho yangu, kwamba majina yalikuwa mawili na mzazi akaandika moja. La uongo si langu. Hilo liandike wewe, kwa mkono wako, na uliandike mara mbili. Ya kwanza kwa mtoto." Mkewe akatuletea uji, nikaunywa wote kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Kwa hiyo humu ndani utakuta karatasi tatu. Moja ya mchungaji. Moja yangu kwa mkuu wa chuo, ina makosa ya kuandika, usiyasahihishe, wajue ni mimi. Mpe karani zote mbili kabla hajafungua jalada, umwombe fomu yako uukate ule mstari na kuandika ilivyokuwa kweli. Wakiwa watu wa haki watakupokea. Wakikataa, niletee habari, nami nitapanda treni nisimame mbele ya meza yao mpaka wachoke kuniona. Unajua nikikasirika huwa sioni aibu.

Ya tatu ni barua yenyewe ya miaka mitatu iliyopita. Nilikuwa nimeificha kwenye kitabu changu cha nyimbo, penye nyimbo za maziko, maana nyimbo hizo wewe huzifungui. Isome. Walipanga majina kwa alama. Jina lako liko juu ya la Kulwa, na juu ya wote wa jimbo letu. Sikuweza kukwambia hilo hapo mwanzo wa barua. Wino uligoma.

Bibi yako husimulia habari za babu wa mume wake, aliyekuwa mpagazi, aliyekwenda pwani na pembe begani, njia hiyohiyo ambayo reli imeifuata. Anasema asubuhi ya kuondoka kila mpagazi alijichagulia mzigo wake. Hakuna aliyemwekea mwenzake begani. Aliyechagua mzito alinung'unika njia nzima, lakini alijinung'unikia mwenyewe. Mimi nilikuwekea mzigo, tena nikakuambia umeuchagua wewe kwa uzembe wa kichwa chako. Utue. Haukuwa wako hata siku moja.

Kulwa hajui. Nitamwandikia wiki hii, naye ataumia kwa namna yake, maana atahisi amelala kwenye kitanda chako. Nilitaka kukuomba usimwambie mpaka barua yangu ifike, lakini mimi si mtu wa kukupangia tena nani aambiwe nini. Fanya unavyoona.

Sikuombi unisamehe. Nakujua, utataka kunisamehe haraka haraka kwa sababu lori linakuja alfajiri, tumeokoka, na mama ni mama. Usifanye hivyo kwa ajili ya lori. Kama una hasira, nenda nayo, kaa nayo darasani, ikusukume usome. Ukitaka kuninyima barua mwaka mzima, ninyime. Nitaumia, na nitakuwa nimestahili, na nitaendelea kwenda posta. Ninachokuomba ni kimoja: popote utakapokuwa, mtu akikuambia hukuweza, hata akiwa anakupenda, hata akiwa analia, mwambie akuonyeshe karatasi.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii chini kabisa ya sanduku lako, uikute ukishafika mbali, treni imekata misitu yote hii na mimi huku nimejifungia ndani. Nimeipanga hivyo tangu juzi. Leo asubuhi, ulipokuwa unanilaumu kwa chumvi, nikaona kwamba ni woga uleule umebadilisha nguo. Ningekuwa nimekuachia tena uende nyuma ya bani ulie peke yako.

Basi nitakupa mkononi, leo hii, jua likiwa bado lipo. Isomee hapa nyumbani. Sitakwenda kisimani, sitajifanya nina mgonjwa wa kumtembelea. Nitakuwa nimekaa hapa mlangoni. Kama utataka kupiga kelele, piga, majirani wasikie, nimechoka kuonekana mtu mwema kwao. Kama utataka kunyamaza, nitanyamaza nawe.

Nakusikia hapo kwa jirani, unamwamkia, anakutania kwamba utarudi huli tena ugali wa mtama. Njoo, mwanangu. Uniulize kwa nini. Miaka mitatu hujawahi kuniuliza kwa sababu hukujua kuna la kuuliza. Niulize leo, nami nitakujibu.

Mama yako.